Mwalimu Aliyenipa Mgongo

Nilikuwa najua kusema kwa Kichina kwamba injini inawaka moto, lakini sikujua kuomba maji ya kunywa. Ndivyo nilivyoingia Guangzhou, brigedia mstaafu wa jeshi la anga, mtu niliyezoea kufunguliwa mlango wa gari, nikitembea nyuma ya mke wangu na begi la sampuli begani. Mke wangu ana duka la nguo za watoto Kariakoo, na miaka ile kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anakimbilia China utadhani inafungwa kesho. Mimi nilikuwa nimestaafu, nashinda nyumbani, kazi yangu kugombana na mtunza bustani. Siku moja mke wangu akaniambia, "Afande, badala ya kumtesa mtoto wa watu, njoo unibebee mizigo. Si ulisoma China wewe?"

Kusoma nilisoma, sikatai. Ila nilisoma kaskazini kabisa, kwenye baridi ya kukata masikio, kijana ambaye hata ndevu hazijatimia, ndani ya kambi tusiyoruhusiwa kutoka. Kichina tulichofundishwa kilikuwa cha ndani ya ndege. Pinda kushoto. Inua pua. Teremsha magurudumu. Usitue, zunguka tena. Kimekaa kichwani mpaka leo, hakijapungua hata neno. Sasa kipeleke mtaa wa Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla! Siku ya kwanza mwanamke mmoja alinitajia bei ya vigauni, nami nikababaika, nikamjibu kwa sauti ya gwaride, "Inua pua!" Maskini, alirudi nyuma akakumbatia kikokotoo chake. Mke wangu alicheka mpaka akakaa juu ya robota.

Kilichoniuma zaidi ni kupotea. Mimi nimewahi kuvuka pori la nchi nzima kwa ramani na saa ya mkononi, lakini ndani ya majengo yale nilikuwa kama kuku mgeni. Ghorofa zote zinafanana, vibanda vyote vinafanana, wapagazi wanakuja na mikokoteni wakipiga kelele upishe, ukipisha umeshapoteza njia. Ukitoka nje unakuta barabara za juu zimepita juu ya barabara nyingine, jua halionekani, huijui kaskazini. Mke wangu alikuwa ananituma ofisi ya kago pale Sanyuanli, jirani kabisa na nyumba tuliyopanga, narudi jioni nimelowa jasho na mzigo haujafika. "Rubani gani anapotea sokoni?" ananiuliza mbele za watu. Wauzaji waliponiona na kitambi changu walikuwa wananiita laoban, yaani bosi, naye anawakatiza kwa kujigonga kifuani, "Laoban ni mimi. Huyu mbeba mizigo." Nilikuwa nanuna siku nzima.

Lakini sikuja Guangzhou kwa ajili ya vigauni tu. Nilikuwa na jambo langu, na sikuwa nimemwambia mtu, hata yeye.

Mwalimu aliyenifundisha kuruka alikuwa mtu wa mji huu. Jina lake sikulijua. Kambini tuliamriwa tumwite Mwalimu, basi, naye alituita kwa namba. Mimi nilikuwa Saba. Alikuwa mfupi, mkavu, kidole gumba cha mkono wa kushoto kimepinda nje, na alikuwa anakaa kiti cha nyuma na kijiti cha mwanzi. Ukikosea, kijiti kinagonga kofia yako ngumu: ko, ko. Baridi ikizidi alikuwa anatuonyesha kusini na kutuchorea maua hewani, kwao Guangzhou maua hayakomi hata wakati wa baridi. Ndicho kitu pekee alichowahi kutueleza kuhusu nafsi yake.

Kupaa nilikuwa hodari. Kutua, Mungu anajua, nilikuwa balaa. Ndege ilikuwa inadunda kwenye njia kama mpira wa watoto, na kijiti kinagonga kofia. Wenzangu walisharuhusiwa kuruka peke yao, nikabaki mimi. Asubuhi moja nilitua vibaya kuliko siku zote. Bawa moja nusura liguse lami. Ndege iliposimama nikajua basi, narudishwa nyumbani. Mwalimu akafungua kifuniko, akashuka, akaifunga mikanda ya kile kiti chake kitupu ili isichezecheze, akanionyesha kidole juu angani. Kwamba nipae. Peke yangu. Kisha akageuka, akaenda zake bila kuniangalia.

Nilipaa, nikazunguka kiwanja, nikatua. Nilitua vizuri jamani, magurudumu yaligusa lami hata sikuyasikia. Nikatazama pembeni nimtafute Mwalimu, anione. Alikuwa amesimama kwenye majani, kanipa mgongo, viwiko vimeinuka, nikadhani anakinga sigara na upepo. Sigara! Mwanafunzi wake anaruka peke yake kwa mara ya kwanza, yeye anawasha sigara! Siku hiyo hiyo wakaandika kwamba nimefaulu, na baada ya muda mfupi Mwalimu akahamishwa. Sikumwona tena.

Mwanzoni sikujali. Nilirudi nyumbani na mbawa kifuani, nikaruka miaka michache, kisha wakanivuta ofisini kwa kuwa maofisa walikuwa haba, na huko nikapanda kwa mafaili: mkuu wa kikosi, mkuu wa kambi, mpaka makao makuu. Sumu iliingia kwenye sherehe moja ya kumuaga mwenzetu. Ofisa mmoja aliyesomea kuruka nchi nyingine, kinywaji kimeshamkolea, akasema kwa kicheko, "Nyie wa China mlipitishwa kwa urafiki. Hebu nitajie mmoja aliyerudishwa kwa kushindwa kuruka." Nikafikiri. Waliorudishwa kwa maradhi walikuwepo. Waliorudishwa kwa utovu wa nidhamu walikuwepo. Wa kushindwa kuruka, sikumpata. Nilicheka pamoja nao, lakini nikaondoka kabla hotuba hazijaisha.

Tangu hapo ule mgongo haukuniacha. Alishuka kwa sababu aliniamini, au aliambiwa na wakubwa wake ashuke, huyu mgeni lazima afaulu, tusiharibu urafiki? Kama ni amri, ndiyo maana hakutazama. Cha kutazama nini? Kila cheo nilichopandishwa kilisimama juu ya ile asubuhi moja. Nikiwavika vijana mbawa vifuani, nilikuwa siwatazami machoni, wao wakidhani ni ukali. Nilitaka kumwona yule mtu kabla mmoja wetu hajafa, nimuulize swali hilo tu. Jina silijui, mji una watu kama mchanga. Utaona mwenyewe kama hizo ni akili za mtu mzima.

Sasa, kambini tulikuwa na desturi moja. Kabla ya kuruka angani, unaruka chini. Kila mwanafunzi ana kindege cha mbao mkononi, kwenye uwanja wamechora njia na kona kwa chokaa, unatembea unazunguka, kindege umekiinua usawa wa bega. Ukifika kwenye kona unainamisha bega upande unaopinda, na kila mahali unataja kwa sauti unachofanya. Tuliicheka, tukaona ni mchezo wa watoto. Baadaye nilikuja kuitegemea. Hata makao makuu, siku ya kikao kigumu, nilikuwa nafunga mlango wa ofisi nazunguka meza na kalamu mkononi.

Basi asubuhi moja, baada ya kupotea sana siku iliyotangulia, niliamua kwamba yatosha. Karibu na nyumba yetu kulikuwa na kibustani ambacho wazee walifanyia mazoezi. Kindege sikuwa nacho, nikachukua henga ya plastiki, ile ya kutundikia nguo, kwenye sampuli za mke wangu. Ukiishika vizuri ina mabawa yake. Nikaanza kuzunguka. Hapa natoka nyumbani, hapa napanda daraja la waenda kwa miguu, hapa napinda ofisi ya kago. Nikainamisha bega. Wazee wakaacha mazoezi wakanitazama, Mwafrika mnene anazunguka mti na henga. Sikuwajali, nilichoka kuchekwa na mke wangu.

Nyuma yangu sauti ikafoka kwa Kichina, "Magurudumu!"

Nikaganda. Ilikuwa sawa kabisa: nilikuwa nimepita upande wa pili wa mzunguko, mahali ambapo rubani lazima ataje magurudumu, nami nimesahau. Bila hata kufikiri, mdomo ukajibu wenyewe, "Yameshuka, yamefunga!" Nikageuka. Mzee mmoja mwenye fulana nyeupe, tumbo kama ngoma mbele, alikuwa amenikodolea macho. Akaja, akachukua henga mkononi mwangu, akaizungusha ile kona jinsi tulivyofundishwa, akanirudishia. Tukakumbatiana palepale, watu wazima wawili tusiojuana.

Baada ya hapo ndipo nilipoumbuka. Maneno yote niliyokuwa nayo ni ya ndani ya ndege, na ndege yenyewe haipo! Nikamwambia pinda kushoto, akacheka. Nikamwambia punguza mafuta, akacheka zaidi. Ikabidi nimvute mkono mpaka nyumbani, kwa mke wangu, ambaye Kichina chake amekiokota sokoni: bei, rangi, saizi, ghali mno, hakuna, kesho. Kwa hicho hicho, na mikono, tukajua kwamba mzee alikuwa fundi wa ndege jeshini. Nikamwonyesha kidole gumba kilichopinda. Nikajigonga kichwani kwa kijiti cha kulia wali: ko, ko. Nikaonyesha ngozi yangu. Mzee akapiga kofi pajani. Waliowahi kufundisha Waafrika walikuwa wachache, wastaafu wanakaa pamoja na wanajuana. Alisema kesho, hilo mke wangu alilielewa vizuri sana.

Mzee alipoondoka, mke wangu akanigeukia. "Haya. Huyo mwenye kidole unamtakia nini?"

Nilijaribu kukwepa. Nikasema nimpate mwanafunzi mmoja wa kwetu, wale wa ufadhili, aje atutafsirie. Lakini nikajiona nimekaa, brigedia mzima, kijana wa chuo ananisikia nikiuliza kama nilifaulu kweli au nilibebwa. Asubuhi ya pili taarifa iko kwenye kila meza wanapokula wali Watanzania pale Sanyuanli. Hapana. Nikafunga mlango, nikamweleza mke wangu yote, asubuhi ile, mikanda, mgongo, yule mlevi wa kwenye sherehe. Alikuwa anakunja visuruali vya sampuli, akaacha kukunja.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Miaka yote."

"Ndiyo maana sherehe za kuvishwa vyeo ulikuwa unarudi umenuna kama umefiwa. Na mimi nikadhani umenichoka!" Alikuwa na hasira kweli, machozi yako karibu. Kisha akajifuta na kivazi cha mtoto. "Makubwa haya. Sasa hilo nitaliulizaje mimi? Kichina changu ni cha mashati."

Kesho yake fundi alituongoza mpaka kwenye majengo ya wastaafu, mke wangu kabeba machenza, mimi nimevaa suti katikati ya lile joto la mvuke. Mwalimu alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mwanzi. Alikuwa amekuwa mdogo, jamani. Nilipokiona kile kidole kimeshika kikombe cha chai, nikafunga kifungo cha koti. Nikasimama wima, nikapiga saluti, nikataja kwa Kichina, "Saba, yuko tayari kupaa!"

Akaniashiria nisogee, niiname. Kisha akanyanyua mkono, akanigonga kipara kwa kidole: ko, ko.

Tulikunywa chai, vikombe vidogo, ukimaliza kinajazwa. Tatizo likawa masikio. Injini zilishamla masikio yote mawili, husemi naye ila kwa kupiga kelele. Siri niliyoificha maisha yangu yote ikawa inapigiwa mayowe barazani kwa wastaafu wa jeshi la anga. Mke wangu aliinama mbele. Sokoni, ukitaka kujua kama pamba ni pamba au wanakuuzia plastiki, unauliza zhen, ya kweli, au jia, feki. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Akanionyesha mimi, akaionyesha mbingu kwa mkono unaopaa peke yake, akapaza sauti, "Huyu! Zhen? Jia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Swali la miaka yote linaulizwa kama la kigauni. Fundi akacheka, Mwalimu hakucheka. Aliweka kikombe chini. Akasema neno moja. Mke wangu akamtaka alirudie, akalirudia, naye akanigeukia kachanganyikiwa.

"Simwelewi. Sijasikia kweli, sijasikia feki. Neno hili ni lile la yule ajenti wetu wa kago, kila siku ananiambia usiogope, mzigo utafika. Anasema aliogopa."

"Nani aliogopa?"

"Yeye."

"Aliogopa nini? Wakubwa wake?"

Mwalimu alikuwa ametuona tunabishana. Akainuka, taratibu, kashika meza. Akafanya mkono kuwa ndege, akaidundisha mezani, vikombe vikaruka. Akanionyesha mimi. Akainamisha bawa mpaka likakwaruza mbao, akajishika kifua, akatoa macho. Halafu akakunja mikono kama aliyepakata mtoto, mtoto mchanga wa siku chache, akambembeleza hewani. Akajionyesha mwenyewe. Akatikisa kichwa: hapana. Akashuka kwenye ndege isiyokuwepo, akafunga mikanda isiyokuwepo. Akaonyesha kidole juu. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akainua viwiko, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akafumba macho.

Haikuwa sigara.

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu. Nilijiandaa kusikia kwamba aliniamini, nilijiandaa hata kusikia kwamba ilikuwa amri. Hili sikujiandaa nalo. Mzee huyu alikuwa amepata mtoto, akaona mimi nitamuua, akashuka! Akaniacha nife peke yangu! Sikujua nicheke au nimkabe. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Alinitoa kafara," nikamwambia mke wangu kwa Kiswahili. "Unasikia? Hakuniamini hata chembe. Sasa mimi ni nani?"

"Punguza sauti."

"Hasikii huyu!"

"Mimi nasikia," akasema. "Hebu nijibu. Yeye alikuwa chini, kaziba masikio. Wakubwa wake walikuwa chini. Kule juu ulikuwa na nani?"

Nikaanza kuvisimamisha vikombe vilivyoanguka.

"Nakuuliza, afande. Aliyeishusha ile ndege ni nani?"

Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa bado amesimama vilevile, viganja masikioni, macho kayafumba. Ndipo nilipong'amua kwamba ile asubuhi hakuniona nikitua. Alijua tu kwamba hakusikia kishindo. Siku chache baadaye akahamishwa, na amekaa maisha yake yote na mgongo huo huo niliokaa nao mimi, ila yeye upande wa pili. Hasira ikabaki, lakini sikujua tena niielekeze kwa nani.

Nikamshika mikono, nikaishusha. Kwenye kamba ya nguo pale barazani kulikuwa na henga zake. Nikachukua moja, nikamgeuza yeye na kiti chake kuelekea uani, nikamkalisha. Nikashuka uani na suti yangu. Wastaafu wengine walitoka kwenye milango yao.

Nikapaa. Nikataja kila kitu kwa sauti, kwa Kichina kile cha zamani, kila kona, na bega nikaliinamisha. Upande wa pili wa ua nikasema magurudumu yameshuka, yamefunga. Nilipokaribia kutua nikasikia akifoka toka barazani, ile sauti ya kiti cha nyuma: "Usitue, zunguka tena!" Kumbe kona ya mwisho nilikuwa nimeikata mapema. Sikubishana naye. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu," nikainua pua, nikazunguka tena ua mzima, jasho linaniingia machoni, mke wangu kashika mdomo. Safari hii kona nikaichukua pana, nikaja nimenyooka, nikaiteremsha henga polepole mpaka ikagusa chini.

Nikainua macho kumtafuta. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, mikono yote miwili juu ya magoti, ananitazama.